Jina Langu Mgongoni

Kambi ya kiwanda cha matofali
9 Februari

Kaka,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kitandani, maana meza ya chumba chetu imegeuka kabati la viatu. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nao tumezoeana. Mama anaendeleaje na ule mguu? Mwambie asipande ngazi za nyumba yako kwa kiburi. Shemeji na watoto wape salamu zangu. Binti yangu ameniandikia kwamba ameingia mwaka wa pili chuo cha uuguzi na sasa wanaruhusiwa kuchoma sindano watu wa kweli. Namhurumia huyo mgonjwa wa kwanza.

Hongera kwa ushindi wa timu ya taifa. Mechi tuliitazama kantini, watu wamekaa hadi juu ya makreti. Ulipomtoa yule winga walikutukana wote, bao lilipoingia wakakusifu wote, midomo ile ile. Mwenzangu wa chumbani, dereva wa trekta la udongo, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alilitaja jina lako kwa sauti mpaka nikaangalia chini. Unajua kwa nini.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Karani wa ajira ameniita ofisini. Kiwanda hiki hakimwongezei mkataba mtu aliyetimiza miaka sitini, na kwa karatasi zangu mimi natimiza mwezi wa nane. Nusura nicheke. Mimi, wewe na mama tunajua kwamba hiyo sitini ni yako na mimi nina hamsini na sita. Baba alipobadilisha vyeti vyetu vya kuzaliwa ili wewe uingie timu ya vijana, alikupa jina langu na miaka yangu, mimi akanipa vyako. Nimevibeba bila kelele. Sasa vinanitoa kazini.

Nilimwambia karani kuna kosa la tarehe, basi. Akasema si neno, lete kiapo cha mahakamani kutoka kwa ndugu wa damu. Ndugu wa damu ninaye mmoja. Nenda na mama, mseme lililo kweli, unitumie hiyo karatasi. Nikipata miaka minne binti atakuwa amemaliza chuo, nami nitarudi bila kumwomba mtu.

Juu ya bahasha nimeandika jina langu, kama siku zote, ili barua ikufikie wewe.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imenikuta nikitoka mazoezini, nikaisoma ndani ya gari. Huku tunashukuru. Mguu wa mama umepungua uvimbe, anakula vizuri na anawagombeza wajukuu, ndiyo dalili ya afya. Shemeji yako anakusalimu.

Timu inaendelea vyema. Tumebakiwa na mechi mbili za kufuzu, ya pili ndiyo ngumu. Kipa wangu wa kwanza ana kidole kimeteguka, lakini hilo usimwambie mtu. Magazeti ya huku yanaishi kwa kidole cha kipa.

Nimekutumia fulana ya timu, saizi kubwa, ile yenye jina la kocha wanayoiuza uwanjani. Watu wanaigombania. Ivae, ujue unakumbukwa.

Hilo la karani nimelisoma. Ni jambo la kuzungumza uso kwa uso, siyo la kuweka kwenye karatasi. Nakuomba usinipigie simu pia. Simu yangu siku hizi ina masikio mengi. Na nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Ile barua uliandika mwenyewe, au kuna mtu alikusaidia? Mwandiko haukuwa kama wa zamani.

Kaka yako


Kambini
30 Machi

Kaka,

Salamu kwa wote. Tumetoka kwenye juma la joto baya. Mimi ndiye ninayepanga matofali mabichi ndani ya tanuri kabla halijawashwa. Kati ya tofali na tofali unaacha upana wa vidole viwili, moto upite. Ukibana, moto unakwama, na siku ya kufungua unakuta nusu ni mkaa na nusu ni udongo. Vidole vyangu vimepinda kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu mwandiko umebadilika. Hakuna aliyenisaidia, na nimeudhika kuulizwa.

Fulana imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Sijui na nani, huku au huko. Niliivaa mara moja kantini. Mpishi akanicheka, akasema mtu mzima gani anatembea na jina la mdogo wake mgongoni. Hapa wote wanajua kwamba wewe ndiye mdogo. Karatasi ndizo zinazosema hivyo, na mimi sijawahi kuzipinga. Nikachukua sahani yangu nikakaa. Kaka, ulipokuwa unaikunja fulana ile hukuona ulichokuwa unanitumia?

Ningenyamaza lakini juzi nimekuona kwenye televisheni. Umewaondoa vijana watatu kwenye kikosi cha vijana kwa kudanganya umri. Mwandishi alikuuliza kama huwahurumii, ukamwangalia usoni, ukasema: "Anayedanganya umri anaiba nafasi ya mtoto wa mwenzake." Kantini nzima ilikupigia makofi. Redio akanigeukia akasema huyo ndugu yako ni chuma. Mkuki kwa nguruwe, Kaka.

Wewe uliiba ya nani? Nitakukumbusha, maana huenda makofi yamekuziba masikio. Yule bwana wa timu ya vijana alikuja karakanani kwa baba, akasema kijana wako ana miguu lakini ana miaka pia. Ulikuwa na kumi na tisa, nao walitaka wasiozidi kumi na sita. Mimi nilikuwa na kumi na tano, nimeshika msasa, nalainisha mguu wa kiti. Baba alikuwa seremala, kila jambo kwake lilikuwa la kupima na kukata. Akaingia ndani, akatoka na vyeti viwili, akampa yule bwana cha kwangu. Cha kwako akanipa mimi, akasema, "Shika. Ndugu ni ndugu." Mwaka uliofuata nikaenda kujiandikisha mtihani. Mwalimu mkuu akasoma kwamba nina miaka ishirini, akaniuliza mbele ya darasa kama nimekuja kusoma au kuoa. Waliocheka zaidi walikuwa marafiki zangu. Nikatoka, sikurudi.

Na mama tangu siku ile hakutuita tena kwa majina, akiogopa kujikwaa mbele za watu. Wewe Mkubwa, mimi Mdogo. Basi.

Sidai zaidi ya kiapo. Hujasema utaenda mahakamani wala hujasema hutaenda. Mtu asiyejibu huwa ameshajibu, anachongoja ni wewe uchoke kuuliza. Mimi sijachoka.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Ameniuliza kama unakula. Nimemwambia unakula.

Mechi ya kwanza tumetoka sare, najua uliiona. Iliyobaki ni ya tarehe kumi na mbili Julai, ugenini. Tukishinda tumefuzu, kwa mara ya kwanza tangu mimi mwenyewe nilipokuwa mchezaji.

Umeniandikia kama hakimu, na mimi nitakujibu kama mshtakiwa. Yote uliyosema juu ya karakana ni kweli. Lakini usiandike kana kwamba nilikaa kwenye kivuli nikila jina lako. Nilicheza nalo miaka kumi na miwili, nikavunjika nalo goti, siku ile nilipobebwa kwa machela na watu wakinizomea kwamba najifanya. Nikaanza upya kufundisha watoto kwenye kiwanja cha changarawe, filimbi yangu, mipira yangu miwili. Nikawa msaidizi wa makocha waliokuwa wanakunywa kabla ya mazoezi. Timu ya taifa nimepewa kwa jasho. Jina lilifungua mlango wa kwanza tu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mwandishi wa gazeti la michezo alikuja nyumbani nikiwa kambini na timu. Alimletea mama maua, akajifanya anatafuta picha zetu za utotoni. Kisha akamuuliza, "Mama, kati ya wanao wawili, mkubwa ni yupi?" Mama alimjibu kwamba wote ni wakubwa, wana ndevu. Lakini swali hilo halikuanguka kutoka angani. Wanaolijua walio hai ni watu watatu. Mama hasemi. Mimi sijasema. Je, huyo Redio wako anajua nini? Barua zangu unaziweka wapi?

Nikila kiapo sasa, sianguki peke yangu. Ule ubingwa wa vijana niliouchukua kwa jina lako utafutwa, wenzangu niliocheza nao watavuliwa medali, wengine wamezikwa nazo. Ngoja mpaka baada ya Julai. Nakuomba, sikuamuru.

Kaka yako


Kambini
19 Mei

Kaka,

Salamu kwa mama. Mwambie nakula.

Barua zako naziweka chini ya godoro, na godoro nalilalia mimi. Redio hajui kitu. Ni mtu wa maneno mengi, na mtu wa maneno mengi humwambii neno. Nilimuuliza mara moja tu, kwa mbali, kama jambo la mtu mwingine: mfanyakazi akisema cheti chake kina makosa, kiwanda kinafanyaje? Akanijibu, "Ukimwambia karani cheti si chako atakushukuru sana, kisha atakufungia virago." Nikaona anatia chumvi. Karani mwenyewe aliniambia nilete kiapo.

Kama unanishuku mimi, sema. Usizungukezunguke kama mchezaji anayetafuta kona. Ningetaka kukuuza ningekuuza ulipochukua ubingwa ukiwa mchezaji, ukapita mitaani juu ya gari, na mimi nimesimama pembeni nikipepea kitambaa, nikisikia watu wanaliita jina langu na hakuna anayeniangalia. Nilipepea, Kaka. Kwa furaha kabisa.

Sasa na mimi nina la kuuliza. Jumatatu karani amenisimamisha getini, anatabasamu, akasema, "Una bahati, mzee. Mdogo wako kocha anakujali sana. Amepiga simu kuuliza habari zako." Nikamuuliza habari gani. Akasema ni mambo ya ofisi, akaingia ndani. Mimi unanikataza kupiga simu kwa sababu ya masikio mengi, kumbe mwenyewe unampigia mwajiri wangu. Uliuliza nini? Kama nitaondoka lini? Unataka niwahishwe nyumbani unikalishe karibu, au unataka nibaki huku mbali na waandishi wenye maua? Nimeyageuza yote mawili, kila upande unanuka.

Siku hizi tanurini nakosea. Juzi nilibana safu nzima, msimamizi akanifanya niipangue na kuipanga upya. Hajawahi kunigombeza tangu nije. Alisema tu, "Mzee, umechoka, nenda nyumbani." Nikamwambia sijachoka, nina hamsini na sita. Akanicheka kwa upole, kama unavyomcheka mzee.

Nijibu lile la simu. Mengine yatangoja.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Nilipiga. Kulikuwa na jambo nililotaka kulijua kabla ya kwenda mahakamani. Nimelijua. Jibu lake sikulipenda na wewe usingelipenda, kwa hiyo liache kwangu.

Wanasema huku kwamba kikosi changu ni kizee. Nacheka peke yangu.

Mama anatembea bila fimbo. Baada ya mechi nitafanya linalofanyika.

Kaka yako


Kambini
2 Agosti

Kaka,

Hii ni barua yangu ya mwisho kutoka hapa, kwa hiyo salamu nitawapa wenyewe kwa mdomo.

Mechi niliitazama nimesimama, makreti yalijaa. Mpaka mapumziko mlikuwa mnaongoza. Kipindi cha pili walipowasawazishia nikakuona umekaa benchi, mikono katikati ya magoti, vile vile ulivyokuwa unakaa kwenye mbao za baba ukikaripiwa. Bao lao la pili sikuliona, nilikuwa nakutazama wewe. Filimbi ilipopigwa watu walitoka wakitukana. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa sijala.

Ndipo wakakuonyesha kwenye mahojiano. Mwandishi alikuuliza kama utajiuzulu. Ukanywa maji. Ukasema: "Kabla ya hilo, jina mnaloniita si langu. Ni la mdogo wangu. Anapanga matofali ugenini na amebeba miaka yangu tangu akiwa mtoto." Kisha ukawataja wale vijana watatu uliowaondoa, ukasema unawaomba radhi, siyo kwa kuwaondoa bali kwa makofi uliyopigiwa.

Mpishi akasimamisha upawa hewani. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika. Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Niliposikia jina langu linarudishwa nilidhani nitalia au nitafurahi. Nilisikia njaa tu, nikaendelea kula.

Asubuhi karani aliniita. Hakutabasamu. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, kwamba sasa kiapo kimesemwa mbele ya nchi nzima, aniandikie miaka yangu minne. Akaniambia mtu aliyeajiriwa kwa cheti kisicho chake hana mkataba wa kuongezwa, na huo alio nao umekatika leo, chumba arudishe katikati ya Agosti. Nikamwambia lakini wewe ndiye uliyesema nilete kiapo. Akasema, "Ulisema kosa la tarehe. Hukusema kosa la mtu." Kisha, labda kwa kunihurumia, akaniambia ulichomuuliza kwa simu mwezi wa tano. Ulimuuliza mfanyakazi akigundulika cheti si chake anafanywa nini, naye akakujibu, anafukuzwa.

Kwa hiyo ulijua. Juni ulijua, ukanyamaza, na nikajipa moyo kwamba ulinyamaza kunilinda. Julai ulijua vile vile, na ukasema. Hapo ndipo ninapokwama. Redio amerudi hewani, anasema gazeti la michezo lilikuwa limeshaandika habari yote, lingetoka Jumapili ile ile, mechi mshinde msishinde. Anasema wakubwa wa shirikisho walikuwa na kocha mwingine hotelini tayari. Kama ni kweli, basi ulirudisha kilichokuwa kinakuponyoka. Kama si kweli, basi ulijivua nguo mbele ya watu kwa ajili yangu, ukijua itanigharimu kazi, ukaona heri niwe na jina bila kazi kuliko kazi bila jina. Hukuniuliza ninataka lipi. Baba naye hakuniuliza.

Nimelipangua na kulipanga upya, kama ile safu. Siwezi kuamua kwa barua. Kwenye barua wewe ni mjanja na mimi ni mgumu, na hatujaonana miaka mingi. Binti nimeshamwandikia. Amejibu kwamba kuna zamu za usafi hospitalini kwa wanafunzi wanaotaka kujitegemea na ameshachukua, nisimletee huzuni, nimletee mgongo wangu autazame. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na deni la hilo nitalizungumza na wewe tukiwa wawili.

Jambo moja nikuambie. Tangu siku ile wenzangu wananiita kwa jina langu la kweli, wanaona wananipa heshima. Jana Redio aliniita kwalo kutoka upande wa pili wa uwanja, mara tatu, mpaka akaja kunishika bega. Sikugeuka hata mara moja. Nilidhani wanakuzungumzia wewe.

Treni itafika Alhamisi ya tarehe kumi na nne, mchana. Nitavaa ile fulana, ndiyo nguo yangu ambayo haijapita tanurini. Usije na waandishi, wala usije na maneno uliyoyapanga. Njoo na mama, maadamu anatembea bila fimbo. Mimi nikishuka nitasimama kwenye jukwaa, nimewapa mgongo. Wewe nenda kasimame upande wa pili, umpe mama mgongo vile vile. Halafu umwombe aite lile jina alilonipa mimi siku niliyozaliwa, aliite kwa sauti, ajikwae akitaka.

Tuone kati yetu atageuka nani.

Mdogo wako